Nodi au lupu? Uchague ipi kwenye saketi, na mshale wa karenti uuchore wapi

Wadogo zangu mnaosoma umeme hapa Mwanza, hili swali nimeulizwa mara nyingi sana mpaka nimeona niliandike kabisa: saketi ikiwa na betri mbili tatu na rezista kibao, nitumie njia ya nodi (unatafuta volti za pale waya zinapokutana) au njia ya lupu (unatafuta karenti zinazozunguka), alafu mishale ya karenti naielekeza wapi. Hilo la mishale ndo linaumiza watu zaidi, mtu anakaa nusu saa anautazama mchoro, kalamu mkononi, anaogopa kuchora mshale kwa sababu anahisi akikosea upande kazi yote imeharibika. Haiharibiki. Ntafika hapo, na hapo ndo ntakaa muda mrefu.

Nianze na kazi yenyewe. Kuna mzee mmoja ana mtumbwi wa dagaa pale mwalo wa Igombe. Zamani walikuwa wanaingia ziwani na karabai, sasa hivi ni taa za LED na betri, na usiku wa giza ndo usiku wa kazi maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Mzee ana betri mbili, moja mpya na moja ya zamani, amezifunga pamoja chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, zinawasha taa moja kwa moja. Mpya anaichaji kila siku, ya zamani anaiacha humohumo mtumbwini, anasema "inasaidia". Akanijia analalamika, fundi hii betri mpya ni feki, haifiki hata saa saba usiku. Nikapima. Mpya imetoka chaji inasoma 13.0, ya zamani 11.6. Ukinzani wa ndani pamoja na waya na klipu nikakadiria omu 0.2 kwa mpya na 0.4 kwa ya zamani (klipu zake zilikuwa na kutu ya kijani ile mnaijua), na taa zote kwa pamoja nikazichukulia kama omu 2. LED sio rezista kamili, najua, ila kwa hesabu ya leo inatosha.

Sasa saketi hiyo hiyo tuifanye kwa njia zote mbili, uone mwenyewe.

Njia ya nodi kwanza. Nodi ni pale waya zinapokutana, sehemu yote ambayo volti ni moja. Kwenye mtumbwi wa mzee ziko mbili tu za maana, pale chanya zote zilipokutana na pale hasi zote zilipokutana. Moja unaiita sifuri, basi, ni uamuzi wako. Wengi hapa wanauliza "kwa nini hiyo iwe sifuri na sio ile?" Fikiria hivi, uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Nyumba iliyoko juu ya mawe kule Isamilo unaweza kusema urefu wake kuanzia baharini au kuanzia kwenye maji ya ziwa, namba zitatofautiana sana, lakini tofauti ya nyumba ya juu na nyumba ya chini yake ni ile ile, na maji kwenye bomba yanafuata tofauti, hayaulizi umeanzia kupimia wapi. Volti ni hivyo hivyo. Hasi ya betri naiita sifuri kwa sababu ndo ntakapoweka waya mweusi wa mita, sina sababu nyingine.

Nodi ya juu naiita V. Kila tawi linalogusa V naandika karenti inayotoka kwenda kwenye tawi hilo, na jumla yake lazima iwe sifuri kwa sababu umeme hauwezi kurundikana pale kwenye klipu:

(V − 13)/0.2 + (V − 11.6)/0.4 + V/2 = 0

5V − 65 + 2.5V − 29 + 0.5V = 0

8V = 94, kwahiyo V = 11.75

Mlinganyo mmoja. Mstari mmoja wa mawazo na mistari miwili ya kujumlisha. Na hiyo 11.75 sio namba ya kwenye karatasi tu, ukienda na mita mtumbwini taa zikiwa zinawaka utaisoma, au utasoma kitu cha karibu yake. Hii ndo sababu kubwa ya mimi kuipenda njia ya nodi kwa mtu anayefanya kazi ya mikono: jibu lake ni kile kile ambacho mita inakupa.

Sasa mishale. Angalia nilichofanya hapo juu, nimeandika matawi yote matatu kana kwamba karenti inatoka kwenye V kwenda betri mpya, inatoka kwenda betri ya zamani, inatoka kwenda kwenye taa. Zote zinatoka! Mwanafunzi akiona hivyo anashtuka, anasema haiwezekani, lazima kuna inayoingia, betri ndo inatoa umeme bwana. Ni kweli haiwezekani zote zitoke, na ndo maana jumla ni sifuri, hesabu yenyewe itakwambia ipi inaingia. Weka 11.75:

kwenda betri mpya: (11.75 − 13)/0.2 = −6.25

kwenda betri ya zamani: (11.75 − 11.6)/0.4 = +0.375

kwenda taa: 11.75/2 = +5.875

Jumlisha, sifuri. Alama ya kutoa kwenye ile ya kwanza maana yake mshale wangu niliuchora kinyume, karenti ampea 6.25 inaingia kutoka betri mpya. Sikuhitaji kufuta kitu. Na ile ya pili? Ni chanya, maana yake kweli inatoka kwenye nodi inaingia kwenye betri ya zamani. Mzee anasema betri inasaidia, kumbe inakula! Taa zinawaka na wakati huo huo betri ya zamani inachajiwa na mpya.

Na hapa nikuombe ushike kitu kimoja, ile alama ya kutoa sio kosa. Nimeona watu wakipata namba yenye alama ya kutoa wanarudi mwanzo wanageuza mshale wanaanza upya, wanapoteza muda wa mtihani bure. Umeuliza swali "je karenti inaenda kule?" na saketi imejibu "hapana, inakuja huku, na kiasi chake ni hiki". Jibu kamili hilo.

Ila mshale ukishauchora usiuguse mpaka mwisho wa hesabu. Kuchora upande wowote ni ruhusa, kubadilisha katikati ndo kunaharibu. Na kosa linaloua wengi liko hapa: rezista iko katikati ya nodi mbili, V1 na V2. Ukiwa unaandika mlinganyo wa nodi ya kwanza, karenti inayotoka ni (V1 − V2)/R. Ukihamia nodi ya pili, karenti inayotoka ni (V2 − V1)/R. Mtu anaona hizo mbili zinapingana, anasema rezista ni moja iweje karenti iende pande mbili, basi anaandika (V1 − V2)/R kote kote na majibu yanakuja ya ajabu. Hazipingani. Ukisimama Nyakato ukaulizwa magari yanayotoka hapa kwenda Igoma, na mwenzako kasimama Igoma anaulizwa yanayotoka hapo kwenda Nyakato, barabara ni moja, maswali ni mawili. Mi huwa nawaambia wanafunzi waweke kidole kwenye nodi kabisa, kwenye karatasi, nodi uliyoweka kidole ndo volti yake inaandikwa ya kwanza, kisha unatoa ya jirani. Ukihama nodi unahamisha kidole. Inaonekana jambo la kitoto ila makosa ya alama yanapungua sana.

Betri kwenye tawi nayo ina mtego wake. Chanya ikiwa imeelekea kwenye nodi yako unaandika V − E (E ni volti ya betri) kama nilivyofanya na 13. Mtu akifunga betri kichwa chini, hasi ndo inaangalia nodi, inakuwa V + E. Usikariri, jiulize upande wa pili wa rezista volti ni ngapi, ukipata hiyo umemaliza.

Kuna na wale wanaosema karenti ya kweli ni elektroni, na elektroni zinatoka hasi kwenda chanya, kwahiyo mishale yetu yote ni ya uongo. Utaratibu wa kuhesabu kutoka chanya ulishazoeleka muda mrefu kabla elektroni haijajulikana, J. J. Thomson aliionyesha 1897, na Kirchhoff alishatoa kanuni zake za saketi, hizi tunazotumia, 1845 akiwa bado mwanafunzi. Ukigeuza mishale yote kwa pamoja milinganyo inabaki ile ile. Usipoteze usingizi kwa hilo.

Haya, lupu sasa. Hapa huanzi na volti, unaanza na karenti zinazozunguka, wazo la mwanafizikia Maxwell. Kila dirisha la saketi, yaani kila mzunguko uliofungwa usio na waya unaoukata ndani, unalipa karenti yake inayozunguka, zote mwendo wa saa, kama daladala yenye ruti yake ya mzunguko. Barabara inayopitiwa na ruti moja ina magari ya ruti hiyo tu, barabara inayopitiwa na ruti mbili unaangalia zinaenda upande mmoja au zinapishana, na lupu zote zikizunguka mwendo wa saa basi kwenye waya wa pamoja siku zote zinapishana, kwahiyo unatoa. Mtumbwi wa mzee una madirisha mawili, la kwanza betri mpya na ya zamani, la pili betri ya zamani na taa:

13 − 0.2·I1 − 0.4·(I1 − I2) − 11.6 = 0

11.6 − 0.4·(I2 − I1) − 2·I2 = 0

Ukipanga vizuri unapata 0.6·I1 − 0.4·I2 = 1.4, na ya pili −0.4·I1 + 2.4·I2 = 11.6. Tatua hizo mbili kwa pamoja, I1 = 6.25 na I2 = 5.875. Karenti ya betri ya zamani, mshale ukielekea juu kutoka kwenye betri, ni I2 − I1 = −0.375.

Simama kidogo hapa. Kwa nodi tulipata +0.375, kwa lupu tumepata −0.375. Nimeshaletewa daftari mtu amezungushia hizo mbili kwa kalamu nyekundu kaandika "njia zinatofautiana". Hazitofautiani! Kule mshale ulikuwa unaingia kwenye betri, huku unatoka kwenye betri. Namba ya karenti bila mshale wake haijasema kitu, ni kama mtu kukwambia amesafiri kilomita 60 bila kusema ameelekea wapi. Kila namba iandikwe na mshale wake pembeni, kwenye daftari na hata kwenye ubao wa geto lako.

Kwa saketi ya mtumbwi nodi imeshinda waziwazi, mlinganyo mmoja dhidi ya miwili. Na ndivyo inavyokuwa kila vitu vinapofungwa sambamba. Mzee akileta betri ya tatu, kwa nodi unaongeza kipande kimoja kwenye mlinganyo ule ule, kwa lupu unaongeza mlinganyo mzima na kutatua mitatu kwa pamoja.

Ila usiondoke hapa ukasema lupu haina kazi. Mzee huyo huyo anafunga betri zake saa kumi jioni, taa zinawashwa kwenye saa mbili usiku giza likishakolea. Katikati hapo taa zimezimwa. Lupu ya pili haipo tena, imebaki moja tu, na unaisoma kwa macho: tofauti ya betri 13 − 11.6 ni 1.4, ukinzani wote kwenye mzunguko ni 0.6, karenti ni 1.4/0.6, kama ampea 2.33. Sekunde tano kichwani. Kwa nodi pia utafika, 7.5V = 94, V ni 12.53 hivi, alafu urudi kutafuta karenti, sawa ila ni mzunguko mrefu kwa kitu kilichokuwa kinaonekana. Na hii ndo iliyonipa jibu la mzee, kwamba kabla hata ya kuvuta nyavu, betri mpya inamwagia ya zamani zaidi ya ampea mbili mwanzoni, inaendelea hivyo ikipungua taratibu kadri volti zinavyokaribiana. Betri haikuwa feki.

Mahali pengine ambapo lupu inashinda kabisa ni kwenye laini ndefu. Chukua mtu amevuta waya wa volti 12 kwenye chanja za kuanikia dagaa, taa ya kwanza, taa ya pili, taa ya tatu, ya mwisho imefifia anataka kujua kwa nini. Waya una ukinzani kwenda na una ukinzani kurudi. Ukifanya kwa nodi, kila taa ina nodi ya juu na ya chini, kwahiyo hasi ya betri ukiiita sifuri na chanya yake unaijua, bado una volti sita za kutafuta. Kwa lupu madirisha ni matatu, milinganyo mitatu, ukinzani wa kwenda na wa kurudi unajumlishwa humo humo ndani ya lupu bila kukusumbua. Nusu ya kazi. Ukipata karenti ya lupu ya mwisho unaizidisha na ukinzani wa taa, umepata volti ya taa iliyofifia. Fundi mzoefu atasema angeunganisha waya wa kwenda na wa kurudi kuwa rezista moja ndo afanye nodi, ni sawa, ila lupu inakufanyia hilo bila kufikiri.

Kwahiyo kabla hujaanza, hesabu. Nodi zote toa moja, kisha toa betri ambazo hazina rezista kwenye tawi lake maana kila moja inakupa taarifa bure, hiyo ndo idadi ya milinganyo ya nodi. Madirisha yote toa vyanzo vya karenti (vifaa vinavyotoa karenti ile ile hata volti ikibadilika), hiyo ndo ya lupu. Ndogo ndo yako. Zikilingana, mi nachukua nodi, na sababu nimeshasema, mita.

Kuna mazingira hesabu haihitajiki. Ukiona paneli za sola kadhaa zinaingia sehemu moja, nenda nodi moja kwa moja, kwa sababu paneli ikiwa juani na volti haijakaribia kikomo chake inafanya kama chanzo cha karenti, unaichomeka namba yake kwenye mlinganyo na kuendelea. Kwa lupu chanzo cha karenti kikiwa kwenye waya wa pamoja wa lupu mbili inabidi uzizunguke zote mbili kwa mlinganyo mmoja mkubwa, inawezekana ila inachosha. Nodi nayo ina kero yake ya aina hiyo, betri isiyo na rezista ikikaa katikati ya nodi mbili na hamna hata moja iliyo sifuri, huwezi kuandika karenti yake kwa sababu ungegawa kwa sifuri. Hapo zungushia nodi zote mbili duara moja, andika karenti zinazotoka kwenye duara lote, kisha ongeza V1 − V2 = E. Na saketi ambayo huwezi kuichora bila waya kupishana juu ya mwenzake, lupu za madirisha hazifanyi kazi, nodi inafanya. Programu za kompyuta za kuhesabu saketi kama SPICE, iliyotoka Berkeley kule Marekani 1973, zimejengwa juu ya nodi.

Kwenye mtihani, ukimaliza na dakika zimebaki, usirudie njia ile ile kuhakiki, utarudia na kosa lile lile. Umefanya nodi, chukua dirisha moja tu uzunguke ujumlishe volti, zikifika sifuri umepatia. Mfano wetu, 13 toa 0.2 × 6.25 ni 11.75, kutoka upande wa betri ya zamani 11.6 jumlisha 0.4 × 0.375 ni 11.75. Zimekutana.

Mzee nilimwambia achaji zote mbili na asizifunge pamoja mpaka taa zinapowashwa. Akaniuliza, sasa mwanangu nikiongeza ya tatu si itakuwa nafuu? Ana nyingine nyumbani inasoma 12.4, nikaikadiria omu 0.5. Nikaandika palepale nyuma ya risiti, nodi ile ile na kipande kimoja zaidi, 10V = 118.8, V = 11.88. Betri mpya inatoa 5.6 badala ya 6.25, ya tatu inatoa 1.04, taa zinapata 5.94. Na ile ya zamani, kwa sababu volti ya nodi imepanda, sasa inakula 0.7, karibu mara mbili ya mwanzo. Akaitazama ile karatasi, akaenda kufungua klipu za betri ya zamani mwenyewe.